Lenzi bandia katika jicho la mtoto aliyeumia: tathmini ya mzazi baada ya miezi 18

Tathmini nyingi za upasuaji wa mtoto wa jicho zimeandikwa na watu wazima walioingia hospitalini asubuhi, wakatoka mchana jicho likiwa limefungwa, na kesho yake wakaanza kusifia rangi walizokuwa wamezisahau. Huduma ninayoitathmini hapa inatumia lenzi zinazofanana na zao na vyombo vinavyofanana na vyao, lakini ni safari nyingine kabisa. Ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoharibiwa na jeraha na kupachika lenzi bandia katika jicho la mtoto, na mgonjwa wangu alikuwa na miaka 6. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike kuitafuta: mkono wa daktari mpasuaji naupa alama za juu, lenzi yenyewe naipa alama za juu zaidi, na maelezo tuliyopewa siku ya kuruhusiwa nayapa alama ambazo mwanafunzi angezificha chini ya godoro. Hospitali sitaitaja, kwa sababu dosari niliyoikuta pale, kwa jinsi nilivyozungumza na wazazi wengine kwenye benchi la kliniki, haikuwa ya hospitali moja.

Mwanangu aliumia kwa waya. Yeye na mwenzake walikuwa wakivutana kipande cha waya mgumu kilichong'oka kwenye gari la kuchezea. Mmoja aliachia, ncha ikaruka. Hakulia sana, na hilo ndilo lililonidanganya kwa dakika chache. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo na lilitoa machozi mengi, basi. Lakini nilipomsogeza karibu na dirisha niliona mboni imepoteza duara lake na kuchongoka upande mmoja, mithili ya tone la maji linalotaka kudondoka. Baadaye nilielezwa kwamba umbo hilo ni dalili kubwa ya jicho lililotobolewa, kwa kuwa ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni huvutwa kuelekea kwenye tundu, na wakati mwingine ndiyo inayoliziba. Nilikata kitako cha kikombe cha karatasi, nikakifunika juu ya jicho na kukishikiza kwa plasta pembeni bila kuligandamiza jicho, na hilo daktari alilisifu. Kosa langu lilikuwa maziwa. Nilimpa kikombe kizima ili atulie, na kikombe hicho kiliahirisha dawa ya usingizi kwa saa 6, kwa maana tumbo lenye maziwa huhesabiwa kama tumbo lenye chakula.

Lenzi ya jicho hukaa nyuma tu ya mboni, ndani ya kifuko chembamba sana, ikiwa imening'inizwa kwa nyuzi laini zinazoizunguka pande zote. Uangavu wake hutegemea mpangilio wa protini zilizomo na kifuko kisichopitisha maji ovyo. Ncha ya waya ilipokichana kifuko, majimaji ya sehemu ya mbele ya jicho yaliingia, nyuzinyuzi za lenzi zikavimba, na protini zikapoteza mpangilio wake, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukikutana na joto. Kwa mwanangu weupe ulianza kuonekana siku ya pili, nukta ndogo tu katikati ya mboni, na kufikia siku ya nne mboni nzima ilikuwa na rangi ya maziwa. Wala si lazima jicho litobolewe ndipo haya yatokee. Mpira, ngumi au fataki inaweza kulitikisa jicho kwa nguvu ya kutosha kuacha ukungu wenye umbo la ua kwenye lenzi, mara nyingine baada ya miezi au hata miaka, na pigo la namna hiyo linaweza pia kuzikata zile nyuzi lenzi ikahama mahali pake. Lugha yetu imetutania kidogo hapa: ugonjwa tunauita mtoto wa jicho, nami maisha yangu yote niliuhesabu kuwa wa bibi na babu.

Usiku wa ajali hatukupewa lenzi. Tulipewa nyuzi tatu, nyembamba kuliko unywele, za kufunga tundu kwenye konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, pamoja na dawa za kuzuia maambukizi, kisha tukaambiwa tusubiri. Nilikasirika, na katika rasimu ya kwanza ya tathmini hii, niliyoiandika ndani ya wiki ile, subira hiyo niliiita uzembe. Naifuta kauli hiyo. Jicho lililotoka kuumia limejaa uvimbe, konea yake imefura, na vipimo vinavyohitajika ili kuchagua lenzi haviwezi kuaminika. Zaidi ya hayo, nyuma ya lenzi iliyogeuka nyeupe daktari haoni kitu, hivyo ilibidi wapitishe kipimo cha ultrasaundi juu ya kope ili kujua kama retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa bado imeshikamana mahali pake na kama hapakuwa na kipande cha waya kilichobaki ndani. Wapo madaktari wanaoondoa lenzi siku ileile ya kushona jeraha, hasa pale kifuko kilipopasuka kabisa na mabaki ya lenzi yamejaa sehemu ya mbele ya jicho, na wanafanya hivyo kwa sababu za msingi. Kwetu walisubiri wiki 5. Mtoto wa miaka 2 asingepewa muda mrefu namna hiyo bila hasara, kwa sababu ambayo nitaifikia, lakini kwa wa miaka 6 subira ilikuwa ya haki na ililipa.

Katika wiki hizo tulitakiwa kuchagua, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kupachika lenzi si njia pekee. Jicho lililoondolewa lenzi bila kupewa mbadala haliwi giza, bali hubaki na ukungu mzito, kwa kuwa miale ya mwanga haikutani tena kwenye retina. Miwani inaweza kuirudisha miale hiyo mahali pake, lakini miwani yenye nguvu ya kutosha hukuza picha kwa takriban robo au zaidi. Mtu aliyetolewa lenzi macho yote mawili anaweza kuishi nayo, maana picha zote mbili zimekuzwa sawasawa. Mtoto mwenye jicho moja zima na jicho moja lisilo na lenzi hawezi, kwa sababu ubongo haukubali kuunganisha picha mbili za kitu kimoja ambazo moja ni pana kuliko mwenzake kiasi hicho. Lenzi laini ya kuvaliwa juu ya konea hupunguza tofauti hiyo hadi karibu asilimia 7, na kwa watoto wengi ni tiba nzuri, ila huhitaji mikono misafi kila siku, mtoto anayekubali kuguswa jicho, na konea laini isiyo na kovu. Kovu tulikuwa nalo, na lilikuwa karibu na katikati. Lenzi ya kupandikizwa hukaa palepale ilipokuwa lenzi ya asili, hivyo tofauti ya ukubwa wa picha inakuwa ndogo kiasi kwamba ubongo hauisumbukii.

Nisieleweke vibaya kwamba ni bora kwa kila umri. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto wachanga 114 waliozaliwa na mtoto wa jicho katika jicho moja, wote wakifanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miezi 7, ulichapisha matokeo yake ya miaka 5 mwaka 2014, na uligundua kwamba waliopachikwa lenzi hawakuona vizuri zaidi ya waliovalishwa lenzi za juu ya konea, ilhali walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi: asilimia 72 dhidi ya 21. Hao hawakuwa watoto walioumia, na macho yao yalikuwa machanga mno. Lakini mzazi wa mtoto mchanga akiambiwa asubiri kwanza, asidhani ananyimwa kitu.

Kuhusu lenzi yenyewe sina la kulalamika, na asili yake inanifurahisha kuliko ninavyopaswa kufurahi katika jambo zito kama hili. Daktari Harold Ridley wa Uingereza aliwatibu marubani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ambao vifuniko vya plastiki vya ndege zao vilipasuka na vipande kuingia machoni mwao. Vipande vya plastiki ile vilikaa tu, kimya, kana kwamba vimealikwa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Ridley alipachika lenzi ya kwanza iliyotengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Kwa maneno mengine, kifaa kinachomsaidia mwanangu kilizaliwa kutokana na macho yaliyoumia kama lake. Lenzi za leo ni laini na hukunjika. Ya kwake ni ya akriliki, kioo chake cha katikati kina upana wa milimita 6, ina mikono miwili iliyopinda ya kujishikiza, huingizwa ikiwa imekunjwa kupitia mpasuo usiofika milimita 3, kisha hujikunjua taratibu ndani ya kile kifuko. Inachuja miale ya jua yenye madhara na haihitaji kubadilishwa baada ya miaka fulani, swali ambalo kila ndugu aliyekuja kutujulia hali aliuliza.

Kilichonipa hofu ni namba yake. Kila lenzi ina nguvu yake, na nguvu hiyo hukokotolewa kutokana na urefu wa jicho na mkunjo wa konea. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17, la mtu mzima takriban 24, na ingawa sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika miaka 2 ya mwanzo, jicho la miaka 6 halijamaliza safari. Lenzi inayofaa kabisa leo itakuwa na nguvu kupita kiasi baadaye, na mtoto ataishia kuona karibu tu. Kwa hiyo daktari huchagua kwa makusudi lenzi yenye upungufu kidogo, miwani ikajaza pengo hilo, ili jicho likue na kulifikia lengo lenyewe. Konea ya mwanangu ilikuwa na kovu lililopotosha kipimo, basi mkunjo wake wakauazima kutoka jicho la kushoto. Daktari alinichorea haya yote nyuma ya fomu, kwa dakika zisizopungua 15, akinijibu kila swali kwa kuniita "Mama" bila dalili ya kuchoka, na kwa dakika hizo tu ningempa nyota zote. Kadi ndogo yenye namba ya lenzi, aina yake na jicho ilimopachikwa ninayo. Mzazi yeyote asiyepewa kadi hiyo aidai, maana ndiyo kitambulisho cha kitu kilichomo ndani ya mwili wa mwanawe.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Kanuni tuliyopewa ya kufunga kula ilikuwa saa 6 kwa chakula na saa 2 kwa maji matupu, lakini watu wazima walitangulizwa kwenye orodha, na mwanangu alikaa saa 13 bila kula wala kunywa, akiwa na miaka 6, akiuliza kila baada ya dakika chache kama wameisahau zamu yake. Mtoto anapaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Jambo hili halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji mtu wa kupanga majina.

Ndani ya chumba cha upasuaji mambo yalikuwa ya kiwango kingine. Watoto hulazwa usingizi kamili, hakuna mjadala, kwani hakuna mtoto wa kulala bila kujigusa huku taa ikimwangaza jichoni. Lenzi ya mtoto ni laini, hivyo haisagwi kwa mawimbi ya sauti kama ile ngumu ya mzee. Hufyonzwa kwa kibomba chembamba. Kisha daktari alifanya jambo ambalo sikulijua umuhimu wake hadi baadaye: alikata duara dogo kwenye ukuta wa nyuma wa kifuko na kuondoa ute kidogo ulio nyuma yake. Kwa mtu mzima ukuta huo huachwa, na ukija kupata utando baada ya miaka, hutobolewa kwa leza mgonjwa akiwa ameketi na kidevu chake juu ya mashine. Kwa mtoto mdogo ukuta ulioachwa hufunga utando karibu bila kukosa, tena mapema, na ni wachache wanaoweza kutulia mbele ya leza. Mzazi anayefanya uchunguzi wa hospitali aulize swali hili kabla ya mengine: ukuta wa nyuma mtaufanyaje? Jibu lenye sababu, hata likiwa tofauti na letu, linaonyesha kwamba wanawajua watoto. Mpasuo wenyewe walishona, ingawa kwa watu wazima hujifunga peke yake, kwa sababu ukuta wa jicho la mtoto ni laini na mtoto husugua macho bila kuomba ruhusa.

Dawa za matone zilitutesa wiki ya kwanza. Jicho la mtoto huvimba baada ya upasuaji kuliko la mtu mzima, hivyo matone ya kupunguza uvimbe hutolewa mara nyingi. Sisi tulianza na kila baada ya saa 2, pamoja na ya kuzuia maambukizi na ya kutanua mboni. Tulikuwa tunamshika watu wawili, mmoja kichwa na mmoja mikono, na nusu ya chupa ilikuwa ikiishia shavuni. Sista mmoja wa wodi, alipoona vurugu hizo, alimwambia mtoto alale chali na kufumba macho kabisa, akamdondoshea tone kwenye pembe ya jicho kando ya pua, kisha akamwambia, "Haya, sasa fumbua uone nimeshika nini." Alifumbua, tone likaingia lenyewe. Alikuwa ameshika kofia ya chupa tu. Huyohuyo ndiye aliyetuonyesha kwamba chupa ya dawa ya uvimbe hutikiswa vizuri kabla ya kutumiwa, kwani dawa hutuama chini na asiyetikisa hutia maji matupu, na kwamba dakika 5 zipite kati ya dawa na dawa ili ya pili isiisombe ya kwanza. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye karatasi tuliyopewa.

Karatasi hiyo ilikuwa na mistari minne: atiwe dawa, asisugue jicho, asiogelee, arudi baada ya wiki moja. Katika wiki ya sita, nyuzi zikiwa zimetolewa na miwani ya mbali imeandikwa, tuliongezewa sentensi ya mdomo, nayo ilikuwa hivi: jicho zima, yaani la kushoto, lizibwe kwa kiraka kwa muda wa saa 2 kila siku. Basi. Sentensi hiyo ilikuwa sahihi, na ilitugharimu miezi minne.

Sababu ya kiraka naijua sasa. Jicho hupokea mwanga tu. Kuona ni kazi ya ubongo, na ubongo wa mtoto hujifunza kazi hiyo kwa miaka 7 au 8 ya mwanzo hivi. Jicho likileta picha mbovu katika kipindi hicho, ubongo hulipuuza na kulitegemea lile jingine, na hata picha ikija kutengenezwa, lile lililopuuzwa hubaki jicho vivu. Kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo linavyozembea upesi, na ndiyo maana nilisema wa miaka 2 asingengoja kama tulivyongoja. Kuliziba jicho zima ni kuulazimisha ubongo urudi kulisikiliza lililoumia. Muda wa kiraka si lazima uwe wa mateso: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliohusu watoto wa chini ya miaka 7 wenye jicho vivu la kiwango cha kati, saa 2 kwa siku pamoja na kazi za karibu zilileta nafuu sawa na saa 6. Hao nao hawakuwa watoto waliojeruhiwa, lakini daktari wetu alianzia hapo.

Tatizo ni hizo kazi za karibu. Kila jioni nilimbandika kiraka jicho la kushoto, nikampa penseli na karatasi, na kila jioni tuligombana. Aliinua kidevu na kuchungulia kupitia upenyo mdogo kando ya pua. Nikaongeza plasta, ngozi ya shavu ikatoka vipele. Nikamwahidi zawadi, nikamtisha, na siku moja, naandika hili bila kujitetea, nikamwita mkaidi mbele ya wageni. Mwezi wa nne tulikutana na mpimaji wa miwani tofauti na yule wa kwanza, akaniuliza mtoto hufanya nini wakati wa kiraka. Nikamjibu huchora. Akauliza, kwa miwani ipi?

Lenzi ya asili hunenepa na kuwa nyembamba ili jicho liweze kuhama kutoka mbali kwenda karibu. Lenzi bandia ya kawaida haihami. Imewekwa umbali mmoja, na miwani ya mwanangu ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya ubao wa darasani. Kwa macho yote mawili alisoma kitabu bila shida, kwa kuwa jicho la kushoto lilifanya kazi yote, na ndiyo maana hakuna aliyegundua. Lakini nilipoliziba la kushoto na kumwekea karatasi mbele ya pua, nilikuwa nampa kazi ambayo jicho la kulia halikuwa na uwezo wa kuifanya, hata lingekuwa zima kiasi gani. Alikuwa hachungulii kwa ukaidi. Alikuwa anatafuta mstari aliouchora.

Alipewa miwani yenye sehemu mbili, ya chini ikiwa ya karibu, na mstari wa kutenganisha ukiwa umepandishwa hadi usawa wa mboni, juu kuliko ule wa miwani ya wazee, kwa sababu mtoto hana mazoea ya kushusha macho aitafute sehemu ya kusomea. Jioni ya kwanza alichora basi, akahesabu madirisha yake kwa kidole, akaongeza moja lililosahauliwa. Kiraka kilikaa saa 2 bila mtu kukigusa. Kabla ya miwani hiyo jicho la kulia lilikuwa likisoma 6/36 kwenye chati, yaani kwa mita 6 liliona herufi ambayo jicho zima huiona kwa mita 36, na halikusogea kwa miezi yote minne; miezi mitano baada yake lilifika 6/12. Lenzi ilikuwa ileile.

Kwa hiyo ninapoipa huduma hii alama, nailaumu kwa kipande cha kioo cha bei ndogo kuliko kila kingine kilichotumika, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiandika, na kwa kumwachia mama aliyechoka kazi ya kukisia kwa nini mtoto hataki tiba. Hospitali inayoweza kupitisha lenzi kwenye mpasuo wa milimita 3 inaweza kuchapisha ukurasa mmoja.

Yapo mambo ambayo lenzi haiwezi kuyatibu, na hilo lisemwe wazi kabla ya mzazi kutia saini. Haisafishi kovu la konea wala haishikizi retina iliyochanika. Mwanangu hatafika 6/6, na sababu ni kovu. Kifuko kilichochanika vibaya huenda kisiwe na uwezo wa kuibeba lenzi, na hapo daktari huiweka mbele ya mabaki ya kifuko, au huishona kwenye ukuta mweupe wa jicho, au huahirisha kabisa. Presha ya jicho inaweza kupanda kwa sababu ya dawa za uvimbe, na inaweza kupanda miaka mingi baadaye kwa sababu pigo liliharibu njia ya kutolea majimaji, hivyo kupimwa kwake hakuna mwisho. Na kuna hatari kwa jicho la pili, ambayo hutokea kwa nadra sana lakini haisahauliki: mara chache jeraha la jicho moja huamsha kinga ya mwili dhidi ya macho yote mawili. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta, alizaliwa mwaka 1809 akiona vizuri, akajichoma jicho moja kwa kifaa cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, na alipofika miaka 5 hakuwa akiona kwa jicho lolote. Dawa za leo hazikuwepo wakati ule. Lakini mtoto aliyeumia jicho moja akilalamika kwamba lile zima linaogopa mwanga au limepata ukungu, hiyo ni safari ya siku ileile, si ya miadi ijayo.

Ningeichagua tena? Ndiyo, kwa umri wake na kwa kovu lake, na kwa daktari yuleyule. Ningedai miwani ya karibu kabla ya kiraka cha kwanza kufunguliwa kwenye pakiti yake, ningekataa kupangwa baada ya watu wazima, na ningenunua miwani ya vioo visivyopasuka kirahisi, vile vya polikaboneti, kwa ajili ya jicho la kushoto hata kama halikuwa na tatizo lolote, kwa kuwa sasa ndilo akiba yake.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Lenzi iko katikati, presha ni ya kawaida, na jicho limekua kidogo kuelekea namba yake. Tulipomaliza niliomba karatasi ya maelezo ya wanaoruhusiwa, nione kama imebadilika. Ilikuwa na mistari minne. Niliigeuza, nikaandika nyuma yake kwa mkono habari za kutikisa chupa, pembe ya jicho, dakika 5, kiraka na miwani ya karibu, nikampa yule sista. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama anaweza kutoa nakala, akaenda nayo upande wa mashine.